Mhariri, na raga nayo ipeni kakona

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Kirumba, Mwanza, gazeti nalianzia nyuma kama wanaume wengi tu, na leo nina neno na hizo kurasa za nyuma. Jumatatu mnatupa Simba, Yanga, Pamba Jiji, mnatupa mpaka benchi la timu za Ulaya nani kanuna nani kacheka, ila raga ya wachezaji saba hamna hata mstari.

Siyo kwamba naijua sana. Nimeletewa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, mbio anazo balaa, alikuwa winga wa mtaani akanogewa na raga kwenye simu. Ule mpira wao kama papai ukidunda hujui unaelekea wapi, juzi kaupiga pale mwaloni ukatua katikati ya dagaa wa mama mmoja walioanikwa, mama akaukalia kabisa mpaka nilipotoa buku mbili. Nikamwambia dogo basi, mchezo wa kuvunjana shingo mwisho leo.

Weee, alinishushia madini! Kwamba mjomba, Fiji nzima watu hawafiki milioni moja, mkoa wetu peke yake sensa ya 2022 ulivuka milioni 3, lakini medali yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki ni dhahabu ya raga hiyohiyo, Rio 2016, wamemchapa Uingereza 43-7. Kwamba Collins Injera, Mkenya wa hapo jirani tu, ana trai 279 kwenye mashindano ya dunia (trai ndo bao lao, unaulaza mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), kuna kipindi hakuna mtu duniani aliyekuwa juu yake mpaka Dan Norton wa England alipokuja kumpita, na mwaka huohuo 2016 Kenya walibeba kombe Singapore kwa kumpiga Fiji huyohuyo 30-7. Halafu kuna Mmarekani, Carlin Isles, alikuwa mkimbiaji wa mita 100, raga kaanza 2012 na mwaka huohuo kavaa jezi ya taifa. Hapo nikaishiwa maneno.

Nikakaa naye kuangalia. Mechi dakika 14 tu, saba kwa saba, lakini uwanja ni uleule wanaochezea watu 15 kwa 15, yaani ukikosea hatua moja mwenzio kashaondoka unabaki kuangalia namba mgongoni, na kwa siku wanacheza mechi mbili mpaka tatu. Miguu ya hivyo haisubiri mtu, kijana kama hajaanza kuonekana kwenye miaka 18, 19 anachelewa, ndo maana na mimi nimeacha ubishi.

Sasa dogo anataka nauli aende Kisumu, Kenya, akaone Dala Sevens, mashindano ya hiyo raga ya saba, kwa macho yake, apitie mpakani Sirari. Mimi nusu ninayo, ila mama yake kagoma. Dada yangu yuko Igoma, hana simu kubwa, ni mtu wa gazeti tangu enzi za baba, na swali lake ni moja tu, huo mchezo mbona sijawahi kuuona gazetini? Nimemwelezea Injera, nimemwelezea Fiji, anasema hizo ni za mitandaoni.

Kwahiyo Mhariri nisaidie, hata mistari minne ya matokeo, wekeni popote hata chini ya matangazo ya viwanja, mimi nitaikata na mkasi nimpelekee mwenyewe Igoma.