Arubuni ya mlango: pesa yako inaenda wapi kabla nakshi haijaanza

Arubuni ni pesa unayotanguliza ili kufunga mapatano. Haiongezi bei: mlango wa shilingi 120,000 ukitoa 60,000, salio ni 60,000. Wengine huiita dipositi. Maneno huzuka pale mtu anapodhani arubuni zote ni sawa.

Kitanda kilicho tayari dukani, arubuni yake inatuzuia tu sisi mafundi tusimuuzie mwingine. Asilimia 10 yatosha. Mlango wa nakshi hauko hivyo, kwa kuwa siku unapotoa pesa mlango wenyewe haupo. Tunadai nusu, na nusu hiyo inageuka mbao: inashuka Mokowe, gati ya upande wa bara, inavuka kwa boti hadi kisiwani Lamu, inabebwa na punda hadi karakana. Mbao za miimo (nguzo za pembeni), kizingiti, mfaa (mti wa katikati) na mabawa mawili yanayofunguka tunazinunua kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimekauka. Fundi aliyepewa arubuni kiduchu hununua kidogo kidogo, leo kavu, kesho mbichi. Ile mbichi ikishakauka ukutani inasinyaa na kupinda. Bawa moja linatoka nje, komeo haliingii kwenye tumbuu, pete yake, na usiku taa ya barazani unaiona ukiwa kitandani.

Usitoe arubuni kabla ya vipimo. Kuta za nyumba zetu za mawe ni za matumbawe na chokaa, na chache zimenyooka. Pima upana mara tatu, chini, katikati na juu, ushike ulio mdogo. Kimo kipime kushoto na kulia. Kupishana kwa inchi nzima si ajabu. Anayetutumia kipimo kimoja kwa simu tunamwomba arudi na utepe, maana mbao ikizidi hupunguzwa, ikipungua haiungiki ikapendeza.

Kisha ni karatasi. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha pesa imetoka, hausemi ni ya nini. Risiti iandike bei yote, kilichotolewa, salio, aina ya mti (mvule au mbambakofi, si “mbao ngumu”), vipimo, mchoro wa nakshi na tarehe ya kukabidhi. Ukilipa kwa tili, soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Likiwa la mtu usiyemjua, simama uulize.

Na ukighairi? Wateja wetu wengi ni Mashafii, na huuliza kama fundi ana haki ya kula arubuni. Madhehebu ya Shafii hayajuzishi; Mahanbali wanajuzisha, na mwaka 1993 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni, iliikubali kwa sharti muda uwekwe. Sisi tunakwepa ubishi huo: tunakata kilichotumika tu. Kabla mbao haijanunuliwa, unarudishiwa zote. Ikishanunuliwa lakini haijakatwa, tunakata nauli ya boti na punda, kwa kuwa mbao nzima tutamtumilia mwingine. Ikishakatwa kwa kipimo cha nyumba yako, gharama ya mbao na kazi iliyokwisha kufanywa hairudi, ila vipande ni vyako, vichukue. Tukichelewa sisi kupita tarehe ya kwenye risiti bila makubaliano mapya, una haki ya kudai zote.



Nusu iliyobaki tunaigawa mara mbili: asilimia 30 ya bei yote fremu ikishaunganishwa na kabla patasi haijagusa nakshi, uje uitazame, na 20 mlango ukishafungwa ukutani. Hiyo 20 usiitoe kabla hujafungua na kufunga mabawa yote mawili kwa mkono wako. Bawa likikwaruza sakafu, sema hapo hapo, randa ya fundi ingali mkononi.