Wale si sato wachanga, ni furu

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kadogo maana hili limenikaa rohoni tangu nisome ile habari yenu ya wavuvi waliokamatwa na nyavu za macho madogo huku Ziwa Victoria. Habari yenyewe nzuri sina neno, ila chini ya picha mmeandika "sato wachanga". Jamani wale si sato. Mtu yeyote aliyekulia Igogo au Nyegezi hapa Mwanza akiiangalia ile picha anaona furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, tena yule wa juu kabisa ana madoa ya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia, sato hana hayo hata umtafute kwa tochi.

Mtasema mwalimu naye na visamaki vyake. Ndo ivo, nafundisha baiolojia sekondari, na marehemu baba alikuwa mvuvi wa ndoano, sangara, kwa hiyo furu kwetu alikuwa chambo tu. Baba akisema lete furu unaingiza mkono kwenye ndoo unachomoa wowote atakayekuja, hakuna aliyeuliza furu yupi. Ukiwa naye mmoja ni furu, ukiwa nao mia ni furu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kwenye ile ndoo inawezekana kulikuwa na spishi sita saba tofauti na sisi tunazitundika kwenye ndoano bila hata kuzitazama usoni.

Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu. Na sio kwamba wametofautiana rangi tu kama vitenge, hapana, kila mmoja na mishe yake ya mjini. Kuna anayekwangua mwani kwenye mawe, kuna anayevunja konokono kwa taya la pili lililoko kooni (ndiyo, furu ana mataya mawili, ya mdomoni ya kukamatia na ya kooni ya kusagia, ndo maana ya mdomoni yamekuwa huru kubadilika yatakavyo), kuna anayekula samaki wenzie, alafu kuna jamaa mmoja katili kweli, anamvizia mama furu aliyebeba mayai na watoto mdomoni anawapora anakula. Wanafunzi wangu siku nikifika hapo hata wa nyuma wanaamka.

Sasa kinachonishangaza mimi sio idadi, ni muda. Ziwa hili miaka kama 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Wataalamu wamechimba matope ya chini ya ziwa, sehemu zenye kina kirefu, wakakuta tabaka la udongo mkavu wenye mizizi ya nyasi, yaani pale ambapo leo mtu anatega nyavu palikuwa nchi kavu. Maji yaliporudi ndo furu wakaingia wakaanza kugawanyika, na kwa mambo ya viumbe hiyo miaka 15,000 ni jana asubuhi. Vinasaba vyao vinaonyesha zamani sana koo mbili za furu wa mtoni zilichanganyika, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, hivo walianza na mtaji mkubwa wa tofauti, kama mtu anayefungua duka kwa mzigo wa maduka mawili.

Kila mwaka lazima mwanafunzi mmoja anyooshe mkono aulize mwalimu, kama binadamu katoka kwa nyani mbona nyani bado wapo. Kwanza Kiswahili chetu ndo kinatuponza hapo, nyani ni yule wa barabarani anayeiba mahindi, na hakuna sayansi inayosema tumetoka kwake. Ndugu yetu wa karibu ni sokwe na hata huyo si babu yetu, ni binamu, babu tulichangia na kashakufa zamani. Alafu nawaambia furu wa mtoni bado wapo mitoni huko wanaendelea na maisha yao, wakati binamu zao ziwani wamegawanyika mamia, kwani kuna aliyemwambia mwenzie ondoka? Hapo huwa wanacheka, wengine wanabaki na maswali yao na sio kesi, mi mwenyewe jumapili nipo kwaya.

Nirudi kwenye furu. Kuna mmoja anaitwa Pundamilia nyererei. Hilo ndo jina lake la kitaalamu, duniani kote, jina la kwanza la jenasi la pili la spishi kwa mtindo alioutumia Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, kwa wanyama tangu 1758. Nyererei ni Mwalimu wetu, watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza walimpa hilo jina mwaka 1985, mwaka uleule Mzee anang'atuka. Na Pundamilia ni punda milia kweli, kwa ile michirizi myeusi ubavuni. Ujerumani na Marekani watu wanamfuga kwenye matangi ya vioo sebuleni na wanamtaja kwa jina, nyererei, ila hapa Mwanza ukimuuliza mtoto wa kidato cha nne anakwambia furu.

Dume la nyererei ni jekundu mgongoni na ubavuni njano. Ana ndugu yake anaitwa Pundamilia pundamilia, huyo dume lake ni la bluu bluu. Majike ya wote wawili yamefifia hivi, hata mtaalamu anahangaika kuyatofautisha. Wa bluu anakaa juu kwenye maji mafupi, mwekundu anakaa chini kidogo ambako mwanga unaofika umeegemea kwenye wekundu, na macho yao yametofautiana kulingana na huo mwanga, kwa hiyo jike wa chini anamwona vizuri mwekundu na anamtaka huyohuyo. Hapo ndo wameachana. Farasi na punda wakizaa mtoto wao kwa kawaida hazai, lakini hawa furu ukiwachanganya watoto wanazaa vizuri tu, kinachowatenga ni jike kuchagua mume kwa rangi, basi. Watafiti waliwaweka chini ya taa ya rangi ya chungwa ambayo rangi za madume hazionekani na majike yakaacha kuchagua.

Na hiyo taa sisi tumeshaiwasha ziwani. Kwenye visiwa vya maji meupe kama Makobe wekundu na wa bluu wapo mbali mbali kila mtu na wake, ila ukiingia ndani ya ghuba yetu ya Mwanza maji yanavyozidi kuwa mazito unakuta wamechanganyika, rangi za katikati katikati, sio huyu sio yule. Mbolea, udongo wa mashamba ya kandokando, maji taka ya mjini, vyote vinashuka, mwani unashamiri, mwanga haupiti. Kwa hiyo spishi mbili zinakuwa moja bila hata samaki mmoja kufa! Hili mi naliona baya kuliko la sangara, maana sangara kila mtu anamjua, aliletwa miaka ya 1950 na 60, akalipuka miaka ya 80 na inakadiriwa spishi kama 200 za furu zikapotea, na angalau sangara ana mabondo (vile vifuko vya hewa vya tumboni vinavyouzwa) watu wanajengea nyumba. Sasa maji machafu yana bondo gani. Tena sangara alipovuliwa sana furu kadhaa walirudi, wanaoyeyuka ndani ya wenzao unawarudishaje.

Kwa hiyo Mhariri naomba mrekebishe maelezo ya ile picha. Sio ubishi tu, yale madoa ya njano yana kazi yake. Jike la furu akitaga anageuka haraka anaokota mayai yake mdomoni, akiona yale madoa kwenye pezi la dume ni kama anaona mayai yaliyobaki, anayafuata na mdomo wazi, dume naye hapohapo anaachia mbegu, na mayai yanarutubishwa mdomoni mwa mama. Sato jike naye anabeba mayai mdomoni ila dume lake hana hayo madoa. Mkiikuza ile picha yule wa juu mtayahesabu, mi nimeona matatu.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza