Harambee ya Kodi ya Mwaka Mzima: Nyumba kwa Kumbukumbu ya Marsha P. Johnson

Kwa ndugu, dada na marafiki wote wa kikundi chetu hapa Nairobi,

Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya ibada ya kumkumbuka Marsha P. Johnson, mwanaharakati wa haki za transjenda wa Marekani, tutafanya harambee ya shilingi 500,000 za nyumba ya vijana transjenda (wanaoishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa) waliofukuzwa kwao. Tafadhali pitia hesabu kabla ya kutoa, maana tumeipanga kinyume cha mazoea: kodi ya mwaka kwanza, vitanda baadaye.

Sababu imo katika maisha ya Marsha mwenyewe. Alizaliwa New Jersey, Marekani, tarehe 24 Agosti 1945. Wengi humjua kwa ghasia za Stonewall za Juni 1969, polisi walipovamia baa ya mashoga New York, na kwa mataji ya maua aliyovaa kichwani. Kazi iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1970 yeye na mwanaharakati mwenzake Sylvia Rivera walianzisha kikundi cha STAR na kuanza kuwapa makao vijana waliokuwa wakilala nje New York. Mwanzoni waliwalaza ndani ya trela lililoegeshwa, mpaka asubuhi moja dereva akaja na kuanza kuliendesha na vijana wamo ndani usingizini. Kisha wakakodi nyumba chakavu mtaa wa East Village. Kodi waliitafuta kwa kujiuza barabarani, ili wadogo wasilazimike. Mwaka 1971 wakatolewa. Upendo ulikuwepo, chakula kilipatikana; kodi ndiyo iliyowashinda. Marsha alipatikana amekufa katika Mto Hudson Julai 1992, akiwa na miaka 46. Polisi walisema amejiua, rafiki zake wakakataa, na mwaka 2012 faili likafunguliwa upya.

Hapa kwetu nyumba za aina hii huanguka vivyo hivyo. Mtu akiuawa, michango humiminika mwezi mzima, kisha karo za Januari zinaikausha. (Nairobi tunajua sana kuchangia matanga. Aliye hai hana kamati.) Kodi hudaiwa tarehe 5, ikifika tarehe 10, keateka, msimamizi wa nyumba, ametia kufuli lake mlangoni na vitu vyote viko ndani, pamoja na vitambulisho.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, shilingi 30,000 kwa mwezi: miezi 12 ni 360,000, na dipoziti 30,000. Hadi 390,000 hizo zitimie, hatununui hata kijiko. Baada ya hapo, vitanda vinne vya deka kutoka kwa mafundi wa Kamukunji, 14,000 kila kimoja. Tumewaagiza wavifunge kwa nati badala ya kuvichomelea, kwa sababu kitanda kilichochomelewa hakipiti kwenye kona ya ngazi, na siku ya kuhama huachwa. Magodoro manane ya 5,000 ni 40,000. Mtungi wa gesi wa kilo 13 na meko, 10,000. Madramu mawili ya maji, 4,000, kwani mgao wa maji haumsubiri mtu. Tokeni za stima na chakula hazimo humu. Hivyo vinabebwa na ahadi za wanachama za kila mwezi: vijana wanane humaliza pakiti ya unga ya kilo 2 kila jioni, kabla hujagusa sukuma.

Mkataba utaandikwa kwa jina la kikundi, kamwe si kwa jina la kijana. Mpangaji ambaye sura yake na kitambulisho chake havifanani hukwama kwa wakala wa M-Pesa na kwa mwenye nyumba pia, na akiondoka, nyumba huondoka naye. Mwenye nyumba ataambiwa ukweli kabla ya kutia sahihi. Akikataa, afadhali akatae sasa kuliko mwezi wa tatu.

Kila kijana atakaa miezi sita, na muda huo ni wa kushughulikia karatasi zake. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne) chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Hukumu hiyo ni nzuri, lakini haimfikii mtu kitandani. Bado wakili lazima aandae hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Kenya, ndipo kitambulisho kipya kiombwe. Anayelala nje hupoteza nakala kabla ya hatua ya pili. Mawakili walio rafiki zetu, tunawaomba saa zenu badala ya pesa.

Nambari ya paybill iko kwenye kadi ya harambee. Siku hiyo majina ya watoaji hayatasomwa kwa kipaza sauti, hata ya mgeni wa heshima; tutatangaza kiasi na nambari ya risiti tu. Mtaa wa nyumba hautatajwa pia, kwa hiyo usimwulize mweka hazina. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwezi.

Vitu tunapokea: blanketi, sufuria, unga, maharagwe. Nguo zimetosha. Viatu vya kike saizi 42 kwenda juu ndivyo hatupati, hata katika soko la Gikomba. Ukiviona popote, vinunue.