Mwanaidi, kuhusu wapi pa kukaa

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleykum. Hongera mno mwaya, PIN yako ya usajili wa unesi imetoka, hospitali imekuchukua, na Baba Salim na watoto wanakuja na wewe. Nimefurahi mpaka nikampigia mama Tanga nimwambie. Sasa hili la kuja kukaa huku Reading, nje ya London. Umesema unataka tuwe karibu, na wallahi mimi nalitaka hilo kuliko wewe, watoto wetu wakue pamoja kama tulivyokua sisi Ngamiani. Lakini nakwambia usije kukaa huku, na sababu ni treni.

Hospitali yako iko jirani na stesheni ya London Bridge. Treni za Reading za haraka zinaingia Paddington, upande wa magharibi, kama dakika 25 hivi, ndo maana madalali wanaandika kwenye matangazo yao London dakika 25, na hawajadanganya, ila hiyo ni mpaka Paddington, siyo mpaka wodini kwako. Ukishuka pale unapanda treni ya Elizabeth line mpaka Farringdon, hapo ubadilishe tena ndo ufike London Bridge. Ipo Elizabeth line inayoanzia hapahapa Reading lakini inasimama karibu kila kituo, Twyford, Maidenhead, Slough, Hayes, Southall, inakula karibu saa nzima kabla hujaiona Paddington. Afu wewe shifti yako ndefu inaanza saa moja na nusu asubuhi na inaisha saa mbili usiku. Kuna dada mmoja Mkenya mtaa wa nyuma yetu, nesi kama sisi, kazi yake iko London, anatoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri na kurudi ni saa nne usiku, siku za shifti mwanawe anamuona amelala, asubuhi amelala na usiku amelala. Na Jumapili ndo balaa, reli zinafungwa kwa matengenezo mnapakiwa kwenye mabasi, na wodi si unajua haijui Jumapili. Kwa shida yote hiyo tiketi ya mwaka kutoka Reading inapita paundi 5,000.

Kwa hiyo anza na reli. Tafuta inayofika London Bridge bila kubadilisha, afu ndo uangalie miji iliyo juu yake. Thameslink ndo reli yako, inatoka Bedford kaskazini inakatiza katikati ya London mpaka Brighton kusini, na London Bridge inasimama. Juu yake kuna Luton, kodi ya nyumba nafuu kuliko London, pale Bury Park nyama ya halali na misikiti utachagua mwenyewe, treni ni dakika hamsini hivi. Kusini kuna East Croydon, robo saa tu uko London Bridge, na hapo karibu kuna Norwood Junction nayo ina treni za moja kwa moja. Kuna na Abbey Wood upande wa mashariki, Waafrika wengi, hasa wa Afrika Magharibi, treni ya moja kwa moja ipo.

Usiogope eti ukikaa nje ya London watakupunguzia mshahara. Ile nyongeza ya London wanaangalia unafanya kazi wapi, siyo unalala wapi, na kwako wewe wa katikati ya jiji ni asilimia 20 ya mshahara, japo ina kiwango cha chini na cha juu. Hata ukilala Luton unaipata.

Mimi ningekupeleka upande wa Croydon. Bado iko ndani ya London, kwa hiyo Salim akifika miaka 11 atakuwa na kadi yake ya usafiri na basi anapanda bure. Na wewe ukigusa kadi ya benki pale getini kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi unakatwa nauli ya chini, na kwa shifti yako muda huo utakuwa tayari stesheni, hizo ni hela zinabaki mfukoni kila wiki. Chakula hutopata tabu, barabara ya London Road ina maduka ya kila taifa, na soko la Surrey Street lipo tangu 1276, jamani, unanunua mboga kwa bakuli kama sokoni kwetu. Ubaya wa Croydon ni kaunsili yake, yaani halmashauri, ilitangaza kuishiwa hela na mwaka 2023 ikapandisha kodi ya kaunsili asilimia 15 kwa mkupuo. Na kodi hiyo analipa mpangaji, iko mbali na kodi ya nyumba, kwa hiyo kila fleti uliza iko daraja gani la kodi hiyo, A mpaka H, kabla hujapiga hesabu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usilipe hata senti kwa nyumba uliyoiona kwenye simu ukiwa Dar. Hospitali nyingi zinawapa manesi wageni chumba mwanzo mwanzo, waulize, ukae humo, nyumba ukatafute kwa miguu yako. Tangu 2019 sheria inasema dipoziti kwa nyumba za saizi yetu isizidi kodi ya wiki tano, na dalali haruhusiwi kukutoza hela ya kuandika mkataba, akikuomba ondoka. Ukiingia ndani sogeza kabati la chumbani, weka kiganja kwenye ukuta wa nje, ukiona madoa meusi kwenye kona au rangi mbichi imepakwa kipande kimoja tu, hiyo ni fangasi imefunikwa, na Salim ana pumu. Uliza pia joto ni la gesi au hita za umeme, bili ya Januari inaumiza. Na kabla ya kusaini piga simu kaunsili uulize shule ipi ya karibu ina nafasi darasa lake, maana shule kuwa mlango wa pili haina maana ataingia.

Njia ya kutoka stesheni kwenda nyumbani itembee usiku, mwende na Baba Salim, saa tatu hivi, kwa sababu ndo saa utakayokuwa unaipita. Desemba huku jua linazama saa kumi kasoro jioni, kwa hiyo giza utalizoea, ila mtaa wenye taa na watu ni kitu kingine.

Nitumie rota yako ya mwezi wa kwanza ukiipata, nikuangalizie treni za alfajiri na za Jumapili kwa kila sehemu niliyokutajia. Siku zangu za ofu nitakuja tuzunguke kuangalia nyumba, nauli nitajilipia usijali. Msalimie sana Baba Salim, watoto wabusu.

Wako,
Zuhura