Huyu wa mlangoni na yule wa stoo ni mtu mmoja?

Wateja wetu wa hapa Mwanga na kule Kibirizi, Kigoma, hili swali mnatuuliza sana, unakuta una kamera nne, mtu kaonekana mlangoni saa nne asubuhi, alafu saa sita kamera ya stoo inaonyesha mgongo tu, sasa ni yuleyule au mwingine? Kurudisha rekodi ya siku nzima kwa macho inachosha jamani, tumeshakesha nazo tunajua.

Ndo hapo akili mnemba inasaidia. Programu inakata picha ya kila mtu aliyepita na kuipitisha kwenye mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano, picha inageuka kuwa msururu wa namba, mfano mtandao wa ResNet-50 unatoa namba 2,048 kwa picha moja. Za mtu mmoja zinatakiwa zikaribiane, za watu tofauti ziachane. Unafundishwa kwa picha tatutatu, mbili za mtu mmoja na moja ya mtu mwingine, ukikosea unarekebishwa, hivyo hivyo mara maelfu. Picha za kufundishia zinazotumika sana, zinaitwa Market-1501, zilipigwa China mbele ya supamaketi pale chuo cha Tsinghua, kamera 6, watu 1,501. Sasa pale hakuna mama kajifunga kitenge na beseni la dagaa kichwani, kwa hiyo sisi tunajaribu kwanza kwenye kamera zako ndo tunaongea bei.

Na hili naomba mlishike. Programu haijui jina la mtu, inategemea sana nguo, rangi, umbo na mzigo aliobeba. Kina mama wawili wa sare moja ya harusi inawachanganya, wanafunzi ndo usiseme, na mtu akivua koti inaweza kumpoteza kabisa. Kazi yake ni kukupangia picha zinazofanana zaidi zije juu, kuamua ni wewe. Kuna mteja alitaka kumpeleka kijana wa watu polisi kisa picha yake imekuja ya kwanza, tukakaa naye tukazikuza zote mbili, viatu tofauti kabisa!

Kingine, kamera inayotazama ziwani jioni jua linaipiga usoni, watu wote wanakuwa vivuli vyeusi na hapo hakuna programu itakayokuokoa, tutaigeuza. Na tangazo la kamera tunabandika mlangoni, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa na picha za wateja wako.