Kagueni shingo na breki, acheni kukagua sura ya pikipiki

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni.

Huku Tabora ukionekana na pikipiki yenye shokapu ndefu za mbele na usukani umepanda mpaka usawa wa mabega, yaani chopa, basi we ni muhuni, au chuma umeiba, au umechoka kuishi. Askari anakusimamisha, hagusi hata breki, anauliza tu nani kakuruhusu kuikata hii. Sawa, aulize swali lake, ila mbona haangalii pale panapoua?

Panapoua ni shingo, lile bomba la fremu linaloshika usukani. Chopa unaipata kwa kukata hapo na kuilaza zaidi kisha unafunga shokapu ndefu. Ukirefusha shokapu bila kulaza shingo pikipiki inanyanyua pua, ukiilaza kupita kiasi basi kwenye lami ya Nzega utateleza raha mstarehe lakini ingia kona za mtaani mwendo mdogo uone, tairi la mbele linataka kuangukia upande unabaki kuvutana nalo kama ng'ombe aliyegoma. Na ukishachomelea usiamini macho. Mi napaka mafuta ya taa kwenye mshono, nasubiri, nafuta mpaka panakauka, napaka unga wa chaki. Kama kuna ufa mafuta yanarudi nje polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Nikiuona tu nachukua grenda nasaga yote naanza upya, hata mteja awe kakaa pale na hela mkononi.

Wanaosema eti ni uhuni wa wazungu nao wapunguze. Wamarekani walianza kukata pikipiki zao kupunguza uzito, madigadi wanatupa huko, na baada ya vita ya pili ya dunia ndo mambo yakakolea. Halafu zile chopa za filamu ya Easy Rider ya 1969 zilizofanya dunia nzima izijue, waliozitengeneza ni watu weusi, Clifford Vaughs na Ben Hardy wa Los Angeles, na miaka mingi majina yao hayakutajwa popote. Hilo huwa halisemwi vijiweni.

Sisi Harley, zile pikipiki kubwa za Kimarekani, tutaitoa wapi na bei ile. Tunachukua Honda CG125 kuukuu au injini ya Kichina ya bodaboda iliyoiga muundo huo huo wa CG uliotoka 1976, na vali zake zinasukumwa na pushirodi, vile vijiti virefu vya chuma, kama za Harley zenyewe, inavumilia shida na spea zake hazisumbui. Nyuma tunatoa shokapu kabisa tunachomelea mkia mgumu, hapo nisidanganye mtu, njia za vumbi zikishafanya mawimbi kiuno kinaomba poo.

Ombi langu wenye mamlaka waweke utaratibu unaoeleweka, fundi alete pikipiki waangalie mshono wa shingo, breki zote mbili, taa, sailensa (ndio, hata sailensa, kupita na bomba tupu usiku karibu na wodi za wagonjwa huo sasa ndo uhuni), ikifaulu maelezo yabadilishwe kwenye kadi, ikifeli irudi gereji. Na vyuo vya ufundi viongeze somo la fremu, vijana wanajua kuchomelea vizuri tu lakini mazoezi yao yote ni mageti na madirisha, geti likiachia halimuui mtu akiwa spidi themanini. Hao madogo wanaokata fremu kwa kuangalia picha za Instagram bila kupima nyuzi za mlalo wa shingo, wakikamatwa mi sina neno.

Anayetaka kuiona yangu aje Isevya jioni kazi zikipungua, ila asiniulize inabeba abiria wangapi, siti ni moja.

Fundi pikipiki,
Isevya, Tabora