Sweta la mtumba nalo ni sweta

Mhariri,

Julai mwaka huu nilimsindikiza mjukuu wangu shuleni, hapa Njombe, akasimamishwa getini. Kosa lake ni sweta. Rangi ilikuwa ileile ya bluu, ila halikuwa na nembo ya shule. Lenye nembo linauzwa ofisini kwao, na bei yake nilipoisikia nikaelewa kwa nini mama yake alikwenda kwenye mitumba. Mtoto akaambiwa alivue, alitie begini, ndipo aingie. Jina la shule silitaji, maana najua si hiyo peke yake.

Mwaka 1980 nilikuwa darasa la tatu, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Tulikwenda shule peku, na asubuhi za Juni na Julai umande ulikuwa umeganda kwenye majani, sakitu ile inayounguza viazi shambani. Njiani palikuwa na zizi la jirani. Tulichungulia, tukamwinua ng'ombe mmoja, tukasimama palepale alipokuwa amelala mpaka joto litupande miguuni. Kila mtoto alikuwa na ng'ombe wake anayemgombania. Wangu alikuwa mwekundu, mzito kuamka, lakini alipolala palibaki pa moto kama jikoni.

Sweta sikuwa nalo. Nilivaa koti la baba, lililonifika magotini, mikono imekunjwa mara tatu, na kila mfuko una kiazi cha kuchoma. Viazi vile vilikuwa vya kushika kwanza. Kula ni baadaye, saa nne. Rimu ya gari ikigongwa tunapanga mstari, mwalimu wa zamu anakagua kucha, nywele, halafu sare. Koti si sare. Makoti yetu yalirundikwa chini ya mkaratusi, viazi vikiwa humohumo mifukoni, nasi tukaingia darasani na vishati vyeupe. Kipindi cha kwanza kilikuwa mwandiko! Penseli inadondoka, vidole vimekufa ganzi, na fimbo ya mwandiko mbaya inakungoja. Ukifungua daftari langu la siku zile ungeweza kusoma saa: juu ya ukurasa kuku wamechakura, chini, jua likishachomoza vizuri, herufi zimenyooka.

Wenzangu wa rika langu wakikutana hujisifu kwamba shule ya zamani ilitukomaza. Mimi nilichokomaa ni visigino.

Hoja ya sare naijua: mtoto wa tajiri na wa maskini wasitofautiane. Naikubali kabisa. Lakini huku kwetu, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai anayetetemeka anaonekana toka mbali, hata mkiwavalisha nembo wote. Na tangu 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, ila sare bado ni mzigo wa mzazi.

Naomba walimu wakuu na kamati za shule za Njombe, Makete, Mufindi na kwingine kwenye baridi: kuanzia Juni hadi Agosti, mtoto aingie na sweta lolote alilonalo. Hata koti la baba.

Mjukuu wangu kwa sasa sweta lake la mtumba analivaa ndani ya shati. Linamvimbisha kifua kama bata mzinga, na getini bado hawajagundua.

Babu wa darasa la tatu,
Njombe